Hudi ya Chuo na Salio la Karo

Shilingi 16,000. Hiyo ndiyo iliyokuwa karo ya mwaka mzima kwa mwanafunzi aliyepelekwa chuo kikuu cha umma na serikali, na ilikaa hapo kwa zaidi ya miaka 20. Mimi ni wa kizazi hicho. Nilisoma hapa Nairobi. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ukiingia, unatoa karo, unatoa pesa za chumba, unabakiza za chakula na za kutoa nakala, na ukijibana unamtumia mama kidogo nyumbani. Hatukuwa na vingi. Lakini sikumbuki rafiki yangu yeyote aliyeanza muhula akijiuliza kama wiki ya mitihani itamkuta bado ni mwanafunzi.

Nayasema haya kwa sababu ya lalamiko ninalolisikia kila nikutanapo na wahadhiri na maafisa wa masuala ya wanafunzi: vijana wa siku hizi hawana moyo wa chuo. Timu ya chuo inacheza, pembeni mwa uwanja hakuna mtu. Wiki ya utamaduni inaandaliwa, wanaofika ni wacheza ngoma wenyewe na marafiki zao. Wakishahitimu hawarudi kutembea wala kuchangia. Basi zinabuniwa njia za kuwaamsha: hudi mpya, yaani sweta za kofia, zenye nembo ya chuo, shindano la urembo la kumtafuta Bwana na Bibi Chuo, tamasha la msanii wa kukodishwa, ukurasa wa TikTok wenye video za drone zikipita juu ya majengo. Wanaofanya kazi hiyo ni watu ninaowaheshimu na najua wana nia njema. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba mtu hawezi kuzama katika mapenzi ya mahali ambapo hana hakika atakuwepo muhula ujao, na kwamba karo imekula ule muda ambao mapenzi hayo yangemea.

Tuifanye hesabu kwanza, maana bila hesabu mjadala huu huishia kwenye kulaumu tabia za vijana.

Mei 2023 Rais William Ruto alizindua mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu. Katika ule wa zamani kila kozi ilikuwa na gharama yake, na serikali ilitakiwa kukilipa chuo asilimia 80 ya gharama hiyo. Haikuifikisha, na madeni ya vyuo yakavimba. Katika mfumo mpya pesa zinamfuata mwanafunzi. Uwezo wa familia unapimwa, mwanafunzi anawekwa kwenye kundi, na makundi, yaliyokuwa manne mwanzoni, yakafanywa matano. Kundi la kwanza, la wahitaji kabisa, lilipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na familia itoe 5. Kundi la tano lilipangiwa ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa 30, na familia ibebe 40.

Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Udaktari uko juu sana ya hapo, kwa hiyo nimechukua kiasi cha wastani. Familia ya kundi la kwanza itatoa 10,000. Hiyo ni chini ya zile 16,000 za enzi yetu, na ni haki kukiri kwamba mfumo huu umeziondolea familia kadhaa mzigo wa papo kwa papo. Sasa tazama upande wa mtoto. Mkopo wa karo ni 50,000. Mkopo wa kujikimu kwa kundi hilo ni 60,000. Kwa mwaka ni 110,000, kwa miaka minne ni 440,000. Huyu ni mtoto wa nyumba maskini kuliko zote kwenye orodha, na anatoka chuoni akidaiwa karibu nusu milioni kabla riba haijahesabiwa. Pesa ambazo baba hakutakiwa kutoa zimeandikwa kwa jina lake yeye.

Mpwa wangu yuko kundi la nne. Baba yake, kaka yangu, ni fundi wa mbao soko la Gikomba, na mama yake anauza mboga Umoja. Kundi la nne maana yake ufadhili asilimia 40, mkopo 30, familia 30. Kwenye kozi ya 200,000 familia inatakiwa kutoa 60,000 kila mwaka, na kuna miezi Gikomba inaungua au barabara inafungwa na fundi harudi na kitu. Kwa nini kundi la nne? Tunaamini ni kwa sababu alisoma sekondari nzuri ya bweni, na fomu ilipouliza shule yake haikuuliza nani alilipa. Aliyelipa ni kanisa. Hadithi za aina hii zimejaa mitaani. Mtoto aliyebebwa na mfadhili anahesabiwa kama mtoto wa mfadhili mwenyewe. Rufaa tulipeleka, tukaambatanisha barua ya chifu na ya mchungaji, na muhula ukaisha kabla jibu halijaja.

Wiki mbili kabla ya mitihani akanipigia.

"Shangazi, potali ya chuo mtandaoni imenifungia. Siwezi kutoa kadi ya mtihani."

"Unadaiwa ngapi?"

"Elfu ishirini na mbili. Nilishamwambia baba, amesema ningoje mteja alipe kabati."

Ile ile wiki chuo chake kilikuwa kinatangaza hudi za maadhimisho. Mkuu wa idara alituma ujumbe kwa wanafunzi wote akiwahimiza wavae rangi za chuo siku ya Ijumaa. Mpwa wangu hakuwa na kinyongo na hudi. Aliniambia tu kwamba zinapendeza, na kwamba bei yake ni chakula cha wiki mbili.

Wazee waliosoma Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 1970 na 1980 husimulia mambo ambayo kijana wa leo huyasikia kama ngano. Chuo kile kilianza kama Royal Technical College, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mwanafunzi alikuwa na chumba, alikula mesi milo mitatu bila kulipa mlangoni, na alipewa bumu, posho ya matumizi ambayo wengine walitumia kuwasomeshea wadogo zao. Kuanzia 1984 walipitia pia mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa kabla ya kuingia darasani, mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima wakichimba mtaro mmoja. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kuchangia gharama. Bumu likaondolewa, na mesi ikawa ya kulipia unachokula.

Ninaamini hili la mesi lilikuwa kubwa kuliko tunavyolipa uzito. Meza ya bure huwakalisha watu pamoja, kila siku, bila kuandaliwa na ofisi yoyote. Hapo ndipo hoja ziligombaniwa, ndipo timu zilikusanya mashabiki, ndipo mgeni kutoka Turkana alipata rafiki kutoka Kwale. Mesi ilipoanza kuuza chakula, kila mmoja alirudi chumbani kwake na koili ya umeme iliyopigwa marufuku, akapika ugali wake akiwa amefunga mlango ili mlinzi asisikie harufu. Kizazi changu kilikuta hali hiyo. Kilichotuokoa ni kwamba karo ilikuwa ndogo na bado tulikaa chuoni au jirani nacho, kwa hiyo jioni zetu zilikuwa zetu.

Sidai turudishwe kule. Enzi za bumu waliofika chuo kikuu walikuwa wachache mno, na binti wa mama mboga kwa kawaida hakuwa miongoni mwao. Leo milango ni mipana, na hilo ni jambo jema ambalo nitalitetea mbele ya yeyote. Ninachouliza ni nini hasa kilichowafanya wale wachache wakapenda chuo chao hadi wazeeke wakikitaja, na ninapotazama ninaona chakula, kitanda na muda. Hudi siioni.

Hebu simama Thika Road saa kumi jioni siku ya katikati ya wiki, pale wanachuo wa barabara ile wanapomiminika stejini. Wanaelekea wapi? Kuna wanaokwenda Kahawa Wendani, Roysambu na Zimmerman, kwenye bedsita, nyumba za chumba kimoja, wanazopanga wawili au watatu kwa sababu hosteli za chuo zimejaa au zimewashinda bei. Wapo wanaokwenda kazini: kuuza nguo za mitumba mtandaoni, kusuka, kubeba wateja kwa bodaboda waliyokodisha, kuhudumu hotelini hadi saa sita usiku. Na kwa miaka mingi kulikuwa na kazi moja ambayo kila aliyeishi karibu na kampasi za Nairobi anaijua, ya kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Kijana wa Roysambu alikesha akiandika kazi ya darasa ya mwenzake wa ng'ambo ili alipe karo ya darasa ambalo kesho yake angesinzia. Sijawahi kuikubali kazi ile, kwa maana ni udanganyifu, lakini nimewajua vijana wazuri walioifanya, na najua ni bili gani iliwasukuma. Programu za akili mnemba zilipoingia, kazi ile nayo ikapungua. Karo haikupungua nayo.

Hao ndio tunaowangoja waje kushangilia.

Napenda raga, kwa hiyo mniwie radhi nikae hapa kidogo. Mean Machine, timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliingia Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, mwaka 1977 na kulitwaa kombe msimu huo huo wa kwanza. Wanafunzi, mbele ya vilabu vya watu wazima wenye kazi na pesa! Kenyatta nao wana Blak Blad, Strathmore wana Leos, na timu hizi zimekuwa kitalu cha wachezaji wa taifa. Mashindano ya Impala Floodlit, kule Ngong Road, yalikuwa mahali ambapo Machine na Blad wakikutana hata asiyejua sheria za raga alipaza sauti, maana chuo chake kilikuwa uwanjani. Tulikwenda kwa mabasi ya chuo tukiimba njia nzima na kurudi bila sauti. Hakuna afisa aliyetuhimiza. Tulikuwa na jioni, tulikuwa na nauli, na tulikuwa tumeketi darasani na wale waliovaa jezi.

Mchezaji wa leo, rafiki wa mpwa wangu, aliacha timu katikati ya msimu. Mazoezi ni saa kumi na moja, zamu yake ya kazi inaanza saa kumi na mbili, na karo inadai zamu. Kwenye orodha ya malipo ya muhula anatozwa ada ya michezo na shughuli za wanafunzi kama wengine wote. Hilo linaniuma kuliko mengi. Analipia timu ambayo karo yenyewe imemtoa.

Lipo pia suala la sauti. Mwaka 2016 sheria ya vyuo vikuu ilirekebishwa, na viongozi wa wanafunzi wakaanza kuchaguliwa kupitia wajumbe badala ya kura ya moja kwa moja ya kila komredi, kama wanachuo wanavyoitana. Siasa za chuo zilikuwa na fujo zake, nilizishuhudia, na mali za watu ziliharibiwa. Hata hivyo kura ile ilimfanya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajihisi ana hisa katika chuo. Ukimwondolea meza, ukimwondolea kura, ukampandishia bili, halafu ukamtaka aimbe wimbo wa chuo kwa ari, unamdai kitu ambacho hujampa nafasi ya kukikuza.

Lakini msidhani moyo wenyewe umekufa. Nimeuona, na ndio ulionifanya niandike.

Mpwa wangu alipofungiwa potali hakumwambia mtu darasani. Mwakilishi wa darasa aligundua mwenyewe, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliotoa kadi. Usiku huo akafungua kundi la WhatsApp na kuandika majina ya makomredi waliokuwa na salio, kwa ruhusa yao, na nambari ya M-Pesa ya mweka hazina. Michango ikaanza kushuka: shilingi 50, shilingi 100, mwingine 30. Kuna binti aliyetuma 20 akaomba radhi. Kuna aliyechukua Fuliza, mkopo wa papo kwa papo wa M-Pesa, ili achangie, na nilipoambiwa hilo nilinyamaza. Wahadhiri wawili wakaongeza bila kutaka majina yao yatajwe. Mimi na kaka yangu tukatafuta zetu. Kadi ilitoka jioni ya kuamkia mtihani wa kwanza, na si yake peke yake.

Desturi hii ni ya zamani kwetu kuliko vyuo vyenyewe. Mwaka 1959 Tom Mboya alipopeleka Marekani kwa ndege kundi la wanafunzi 81, vijiji vilikuwa vimeuza kuku na kuchangisha senti ili mtoto wao apate nauli na pesa ya kuanzia. Kinachonisumbua ni kwamba leo wanaochangishana ni wanafunzi wenyewe, kila mmoja akiwa na salio lake, na wanachangishana ili wavuke lango la chuo chao wenyewe. Mapenzi yapo, tena makubwa. Wanapendana wao kwa wao. Chuo kimesimama upande wa pili, upande wa mdai, na hakuna hudi inayoweza kukivusha.

Serikali imesikia kidogo. Mwaka 2024 wanafunzi waliitisha maandamano dhidi ya mfumo wa makundi, na Rais akaunda kamati ya kuupitia upya. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu, kupitia Jaji Chacha Mwita, ikaamua kwamba mfumo unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa na mfumo ukaendelea kutumika. Kisha Agosti 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kupunguzwa kwa karo kwa kati ya asilimia 15 na 40 kuanzia Septemba. Tulishangilia nyumbani kwetu, na ninashukuru kwa dhati, kwa sababu kwa familia kama ya kaka yangu asilimia hizo ni kodi ya nyumba. Mwezi uo huo wa Septemba wahadhiri wakagoma wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya miaka ya 2017 hadi 2021. Mgomo ulidumu siku 49. Walikuwa na haki yao, na mwanafunzi aliyepanga bedsita alilipa kodi siku zote 49 akisubiri darasa.

Kwa wanaoshika madaraka vyuoni, ninayo maombi ambayo hayahitaji Bunge. Ada ya shughuli za wanafunzi itolewe hesabu yake hadharani kila muhula, ibandikwe mlangoni mwa mesi, shilingi ngapi zilikwenda kwa timu, ngapi kwa drama, ngapi kwa tamasha la usiku mmoja. Mwanafunzi ambaye rufaa yake ya kundi haijajibiwa apewe kadi ya mtihani, deni libaki pale pale likisubiri jibu, maana kumzuia hakuleti pesa na kunampotezea mwaka. Mazoezi na mechi ziwekwe pia Jumamosi na Jumapili, siku ambazo wenye zamu za jioni wanaweza kufika. Na kama kuna pesa za kumlipa msanii, zijaribiwe muhula mmoja tu kwenye mesi: chakula cha mchana cha bei ya chini kabisa, madondo na chapati, kwa kila mwenye kitambulisho cha chuo, siku tano za wiki. Nina hakika ndani ya mwezi mmoja mtaona watu kwenye viti vya uwanja, kwa sababu watakuwa wamebaki chuoni na watakuwa wanajuana.

Kwa wahitimu wenzangu pia nina ombi. Tukiulizwa na ofisi ya wahitimu tuchangie jengo au sanamu, tuombe kwanza tuelekezwe kwenye mfuko wa salio za karo, na kama chuo hakina mfuko huo, tuuanzishe na wenzetu tuliosoma nao. Watu kumi na mmoja wakitoa 2,000 kila muhula tayari wamefungua potali ya kijana mmoja kama mpwa wangu.

Yeye sasa ndiye mweka hazina wa kundi lile la WhatsApp. Muhula mpya ukianza atachangisha mapema, kuanzia wiki ya kwanza, na kila aliye na pesa ya soda anajua nambari. Rufaa yake tumeiandika upya, safari hii na risiti za kanisa, na Jumatatu namsindikiza kuipeleka.